Kijana wa shoto aliyewaingiza wenyewe uwanjani

Kuna furaha za mpira ambazo huisha taa za uwanja zinapozimwa, na kuna nyingine ambazo watu hukaa nazo miaka arobaini na zaidi, wakazisimulia kwa wajukuu. Ninayotaka kuieleza leo ni ya namna hii ya pili. Ilizuka katika mji wa Los Angeles, huko Marekani, mwaka wa 1981, na aliyeizusha alikuwa kijana wa miaka 20, mnene kidogo, mchache wa maneno, kitinda mimba wa mkulima maskini wa Meksiko. Jina lake Fernando Valenzuela.

Mchezo wake ulikuwa besiboli, mchezo ambao hapa kwetu Pwani hauna wenyewe. Sisi ni watu wa kandanda, na mimi mwenyewe ni mmoja wao. Lakini habari za kijana huyu nimezifuata kwa muda mrefu, nikazisoma na kuitazama michezo yake katika kanda, na kilichonishika zaidi ya ustadi wake ni wale watu waliokuwa wakimshangilia, na mahali walipokuwa wakimshangilia. Maana uwanja ule umesimama juu ya ardhi ambayo watu wa asili yake, Wameksiko wa Los Angeles, waliondolewa. Kwa miaka karibu ishirini wengi wao hawakutaka kuukanyaga. Kisha akaja Fernando, nao wakaingia.

MABONDE YA CHAVEZ RAVINE

Si mbali na katikati ya mji wa Los Angeles kuna vilima na mabonde yaitwayo Chavez Ravine. Humo mlikuwa na vitongoji vitatu, Palo Verde, La Loma na Bishop, vilivyokaliwa na familia zaidi ya 1,000, nyingi zikiwa za Kimeksiko. Hawakuwa watu wa mali. Walikuwa na nyumba zao, vijibustani vya mboga, kuku na mbuzi, kanisa lao na skuli ya watoto wao. Wakubwa wa mji wakitazama kutoka ofisini waliona mtaa wa ovyo. Wenyewe waliona kwao.

Mwezi wa Julai 1950 wenye nyumba wakaletewa barua. Waliambiwa kwamba mji unaitaka ardhi ile ili zijengwe nyumba za serikali za kodi nafuu, kwamba watalipwa, na kwamba nyumba mpya zikiisha kujengwa wao ndio watakaopewa nafasi ya kwanza. Wengi wakauza, wakafunga mizigo, wakahama. Kisha siasa ikaingia. Zilikuwa zamani zile za Wamarekani kuuogopa Ukomunisti hata kitandani, na mtu akitaja nyumba za serikali tu hutiliwa shaka. Afisa mmoja aliyekuwa mstari wa mbele katika mpango ule, Bw. Frank Wilkinson, alifukuzwa kazi baada ya kukataa kujibu maswali kuhusu vyama vyake. Mwaka wa 1953 akachaguliwa meya mpya, Bw. Norris Poulson, ambaye aliupinga mpango wenyewe. Nyumba hazikujengwa. Watu walikwisha kuondoka, na ardhi ikabaki mikononi mwa mji.

Hapo ndipo ilipoingia klabu ya Dodgers. Asili yake ilikuwa Brooklyn, New York, na mwenyewe, Bw. Walter O'Malley, alikuwa akitafuta mahali pa kujenga uwanja wake mwenyewe. Alihamia Los Angeles kwa msimu wa 1958. Mwezi wa Juni mwaka ule wakazi wa mji wakapiga kura, na kwa tofauti ndogo yakapita mapatano ya kumpa ardhi ya Chavez Ravine. Familia chache zilizokataa kuhama zilikuwa bado zipo, moja huku na moja kule, kama visiwa.

Ijumaa ya tarehe 8 Mei, 1959, maaskari wakaja. Familia ya Arechiga ilitolewa nyumbani mbele ya wapiga picha wa magazeti. Mwanamke mmoja wa nyumba ile alibebwa na maaskari kwa mikono na miguu, akateremshwa ngazi mzobemzobe, na picha yake bado ipo, nami kila nikiiona huona haya kuitazama sana. Tingatinga likaivunja nyumba. Wazee wakapiga hema pale pale penye kifusi, wakalala hapo kwa siku kadhaa. Uwanja ulifunguliwa tarehe 10 Aprili, 1962, wenye nafasi ya watu 56,000.

Haki isemwe pia. Wengi wa wakazi waliondolewa na serikali ya mji, miaka kadhaa kabla ya Dodgers kufika. Lakini aliyefukuzwa hasomi mafaili. Yeye huona mahali palipokuwa na nyumba ya babake pana maegesho ya magari. Mtu wa Pwani hahitaji mkalimani katika jambo hili, na mafunzo ya dini yetu juu ya anayechukua hata shibiri ya ardhi isiyo yake yanajulikana na kila mtoto aliyepita chuoni.

MTOTO WA 12

Fernando alizaliwa tarehe 1 Novemba, 1960, katika kijiji cha Etchohuaquila, jimbo la Sonora, kaskazini magharibi ya Meksiko. Alikuwa wa mwisho katika watoto 12, katika nyumba ya udongo, na kaka zake ndio waliomtia katika mchezo. Mwaka wa 1978 alikuwa akicheza katika ligi ndogo nchini kwake alipoonekana na Bw. Mike Brito, Mkuba aliyekuwa akiwatafutia Dodgers vipaji, mtu wa kofia ya Panama na biri nene mdomoni. Bw. Brito hakuwa amemwendea yeye hata kidogo. Alikwenda kumtazama mchezaji mwingine kabisa. Rizki ya mtu huja kwa njia hizo. Mwaka uliofuata Dodgers wakamnunua kwa dola 120,000.

Nitaueleza mchezo wenyewe kwa ufupi. Waliowahi kutazama kriketi katika viwanja vya Mombasa watauelewa upesi. Mrushaji husimama juu ya kichuguu kidogo, futi 60 na inchi 6 kutoka kwa mpigaji, akarusha mpira mdogo, mgumu kama embe bichi. Mpigaji ana rungu la mti. Akiupiga vizuri hukimbia kuzunguka vituo vinne, na akikifikia cha mwisho timu yake imepata mbio moja. Akiukosa mara tatu ametoka, na wakitoka watatu timu hubadilishana. Zamu ni tisa. Mrushaji akichoka huletwa mwingine, na akishatoka harudi. Basi mrushaji anayesimama zamu zote tisa peke yake, tena asitoe hata mbio moja, huwa amefanya kazi ya kipa, beki na nahodha kwa pamoja.

Silaha ya Fernando ilikuwa mpira ambao Wamarekani huupa jina la parafujo. Alifundishwa na mwenzake katika klabu, Bobby Castillo, mzaliwa wa Los Angeles mwenye asili ya Kimeksiko. Mrushaji huuzungusha mkono kinyume na desturi ya maumbile, na mpira nao huja ukipinda kinyume na vile mpigaji alivyotazamia. Ni mrusho unaoumiza mkono, na warushaji wengi huuogopa. Fernando alikuwa wa shoto, jambo lililouzidisha ugumu. Na alikuwa na tabia moja ambayo hakuna aliyemwona akaisahau: katikati ya kuurusha mpira, mguu mmoja ukiwa hewani, macho yake huyainua juu mbinguni, kisha huyarudisha chini mpira ukiwa karibu kumtoka. Watu walisema anaomba dua. Wengine wakasema ni mazoea tu.

Tarehe 9 Aprili, 1981, siku ya kwanza ya msimu, hakuwa yeye aliyepangwa kuanza. Mrushaji mkuu aliumia mguu, na wa pili hakuwa tayari. Mwalimu wa timu, Bw. Tommy Lasorda, akamwita yule kijana. Fernando akaifunga Houston 2 kwa 0, zamu zote tisa. Siku tano baadaye, San Francisco, 7 kwa 1. Halafu San Diego, 2 kwa 0. Halafu Houston kwao, 1 kwa 0, na ile mbio moja iliyowapa ushindi ililetwa na pigo lake mwenyewe. Kisha San Francisco tena, 5 kwa 0. Ilipofika katikati ya Mei alikwisha kuanza michezo 8 na kushinda yote 8. Saba aliimaliza mwenyewe, na mitano kati yake hakutoa hata mbio moja. Wakati huo hata Kiingereza hajui.

WAZIMU WA FERNANDO

Hapo mji ukaingia wazimu, na wazimu huo ulipewa jina: Fernandomania. Siku alizopangwa yeye kurusha, watu waliongezeka kwa maelfu, na si Los Angeles peke yake, hata miji ya wapinzani ilifaidika. Waliokuja walikuwa akina nani? Walikuwa wafagiaji wa mahoteli, wachuma matunda, washonaji wa viwandani, wapishi, vibarua wa ujenzi. Walikuja na bendera za Meksiko. Walikuja na bibi zao ambao hawakujua mbio ni nini wala zamu ni nini, ila walijua kijana yule anasema kama wanavyosema wao na uso wake ni uso wa nyumbani. Nyimbo zilitungwa juu yake. Picha yake ilitundikwa sebuleni karibu na za watakatifu, jambo ambalo kwetu sisi halina nafasi, maana mja ni mja tu hata akirusha mpira namna gani. Lakini katika kueleza furaha yao siwezi kuliacha.

Katika haya yote redio ilikuwa na kazi kubwa. Dodgers walikuwa na matangazo ya Kihispania tangu walipohamia Los Angeles, na mtangazaji wao mashuhuri, Bw. Jaime Jarrín, mzaliwa wa Ekuador, alianza kazi hiyo mwaka wa 1959 asiiache mpaka 2022. Waliokuwa wakimsikiliza marehemu Leonard Mambo Mbotela akitangaza kandanda katika Sauti ya Kenya wanajua ninachosema: kuna mtangazaji anayekupa habari za mchezo, na kuna anayekutia ndani ya mchezo. Bw. Jarrín alikuwa wa namna hiyo ya pili. Tena waandishi wa magazeti walipomzonga Fernando ni yeye aliyesimama kando yake kumfasiria. Kijana akijibu maneno manne kwa adabu, Bw. Jarrín huyageuza Kiingereza, na wasikilizaji wa Kimeksiko wakacheka kwa raha kuona kwamba safari hii ni Mmarekani anayengojea tafsiri.

Mwezi wa Juni mwaka ule aliitwa Ikulu ya Marekani, akakaa katika karamu ya chakula cha mchana pamoja na Rais Reagan na Rais López Portillo wa Meksiko.

Kuna tarehe moja ambayo sijaona wengi wakiitaja. Ushindi wake wa saba aliupata tarehe 8 Mei, 1981, New York, alipoifunga timu ya Mets 1 kwa 0. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Ilitimia miaka 22 kamili, kwa siku na kwa tarehe, tangu Ijumaa ile ya maaskari na tingatinga. Sisemi kwamba kuna siri ndani yake. Nasema nilipoigundua nilinyamaza kidogo.

IJUMAA YA MIPIRA 147

Msimu ule ulikatwa na mgomo wa wachezaji, kuanzia tarehe 12 Juni hadi 31 Julai. Dodgers hata hivyo walifika fainali, ile ambayo Wamarekani huiita ya Dunia ingawa dunia yenyewe haikualikwa. Wapinzani wao walikuwa Yankees wa New York, matajiri wa mchezo huo, nao wakashinda michezo miwili ya kwanza kwao. Dodgers wakarudi Los Angeles wakiwa nyuma 2 kwa 0, na Ijumaa ya tarehe 23 Oktoba akapewa mpira Fernando.

Wengi husimulia mchezo huu kama kwamba aliwachezea Yankees kama watoto. Sivyo, na mimi naupenda zaidi kwa kuwa sivyo. Usiku ule Fernando alikuwa mgonjwa wa mkono, kwa maana ya kimchezo: mpira haukumtii. Mwenzake Ron Cey alianza kwa kuwapa Dodgers mbio tatu kwa pigo moja lililovuka ukuta, lakini Yankees nao wakavusha ukuta mara mbili, na ilipofika zamu ya tatu walikuwa wakiongoza 4 kwa 3. Wapigaji tisa walimpiga wakafika vituoni. Wengine saba aliwapa kituo cha bure kwa kushindwa kuulenga mpira. Mwalimu mwingine yeyote angalimtoa. Watu zaidi ya 56,000 uwanjani walikuwa wakimtazama Bw. Lasorda kila anaponyanyuka kitini, wakihofu kwamba anakwenda kumtoa.

Bw. Lasorda, ambaye Kihispania alikijua, hakumtoa. Katika zamu ya tano Dodgers wakapata mbio mbili, 5 kwa 4. Tangu hapo ikawa ni kushikilia. Zamu ya sita, ya saba. Katika ya nane Yankees wakawa na watu wawili vituoni na hakuna aliyetoka. Mpigaji wao akataka kuugusa mpira kidogo tu ili awasogeze wenzake, ukapaa hewani, Ron Cey akajirusha kama kipa akaudaka, kisha akaurusha upesi na kumtoa na mmoja wa waliokwisha kukimbia. Wawili kwa mpira mmoja! Ukiitazama kanda unausikia uwanja ukinguruma namna ambayo si ya furaha bado, ni ya watu wanaopumua baada ya kuzuia pumzi.

Akaimaliza ya tisa. Alirusha mipira 147 usiku ule. Siku hizi mrushaji akifika 100 huonekana amedhulumiwa. Dodgers walishinda mchezo ule, wakashinda na mitatu iliyofuata, wakatwaa kombe. Mwisho wa mwaka Fernando akapewa tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake, ile ya Cy Young, na tuzo ya mchezaji mpya bora, zote mbili kwa mwaka mmoja. Hakuna mwingine aliyepata kufanya hivyo.

Naamini usiku ule uliwagusa watu wake kuliko ile michezo minane ya mwanzo. Hodari anayeshinda bila jasho hupendeza, lakini kibarua hajioni ndani yake. Usiku ule walimwona mtu anayefanya kazi akiwa amechoka, chombo hakimtii, wakubwa wa New York wamemkalia shingoni, na hana pa kukimbilia, naye akaendelea mpaka saa ya kutoka. Kazi ya namna hiyo waliijua wenyewe kila siku ya Mungu.

MANENO YA BARAZANI

Mzee mmoja ambaye hukaa naye baraza moja baada ya Isha nilimsimulia habari hii, naye hakupendezwa. "Mwanangu," aliniambia, "hao wametulizwa kwa mpira kama mtoto anayelizwa kisha akapewa peremende. Ardhi imekwenda, wao wanapiga makofi. Tena wanalipa kiingilio!"

"Mzee wangu," nikamjibu, "peremende hiyo wenye uwanja walikuwa wakiitafuta kwa miaka." Na ni kweli. Bw. O'Malley alitamani nyota wa Kimeksiko tangu zamani, kwa kuwa alijua ni watu wangapi wa asili hiyo wanaokaa karibu na uwanja wake na hawaingii. Biashara ina macho. Hilo silikatai.

"Basi umekubali," akasema.

Sikukubali, na bado sijakubali. Anayetoa furaha si mwenye uwanja. Klabu ilimpa Fernando kiwanja na mshahara, tena mshahara mdogo mwanzoni. Ile dola milioni 1 ya mwaka wa 1983 aliipata kwa kwenda kwa msuluhishi, akawa mchezaji wa kwanza kushinda kiasi hicho kwa njia hiyo. Furaha waliileta watu wenyewe, ndani ya magari yao makuukuu, pamoja na bendera zao. Walipoingia hawakuingia kama wageni waliokaribishwa. Waliingia kwa wingi, wakasema lugha yao kwa sauti kubwa, wakala chakula chao, na tangu mwaka ule uwanja haukurudi kuwa ulivyokuwa. Atakayekwenda leo atasikia Kihispania kila upande.

Lakini mzee ana haki katika jambo moja. Kuingia uwanjani si kusamehe, na wenye klabu kwa miaka mingi walifanya kama kwamba ni jambo moja. Wako waliozaliwa Palo Verde wakafa bila ya kukanyaga pale, Fernando awepo asiwepo. Na ndani ya nyumba moja waliweza kuwepo wote wawili: babu asiyetaka hata kulisikia jina la Dodgers, na mjukuu aliyevaa fulana nambari 34.

BAADA YA VIFIJO

Mkono wa Fernando ulichoka mapema. Bw. Lasorda hakuwa mtu wa kumpumzisha, na mwaka wa 1988 bega likakataa. Alikuwa na usiku mmoja mkubwa tena, tarehe 29 Juni, 1990, alipoicheza St. Louis zamu zote tisa bila ya mpigaji hata mmoja kupata pigo safi. Mwezi wa Machi uliofuata, kabla ya msimu kuanza, Dodgers wakamwacha. Hivyo tu. Akazunguka katika timu nyingine miaka kadhaa, na kwa muda mrefu akawa mbali na klabu ile, mpaka 2003 aliporudi kukaa kwenye chumba cha matangazo ya Kihispania, pamoja na Bw. Jarrín yule yule.

Nambari 34 haikupewa mchezaji mwingine, lakini klabu ilichelewa sana kuistaafisha rasmi, kwa hoja ya desturi zake. Mashabiki walidai mwaka baada ya mwaka. Ilifanyika tarehe 11 Agosti, 2023. Ilikuwa wakati wake, maana alifariki tarehe 22 Oktoba, 2024, akiwa na miaka 63. Watu wakamiminika kwenye lango la uwanja na maua na mishumaa. Siku tatu baadaye ikaanza fainali, na wapinzani walikuwa Yankees vile vile. Katika mchezo wa kwanza Dodgers walikuwa nyuma, zamu ya kumi, wawili wamekwisha kutoka, Freddie Freeman akauvusha mpira ukuta wakati vituo vyote vina watu, jambo ambalo halijapata kumaliza mchezo wa fainali hiyo tangu ianze. Wakatwaa kombe, na maandamano ya kusherehekea yakafanyika tarehe 1 Novemba, siku ambayo Fernando angetimiza miaka 64.

Mwezi mmoja kabla ya hayo kulitokea jambo lililopata nafasi ndogo zaidi magazetini. Bunge la jimbo la California lilikuwa limepitisha mswada wa kuchunguza na kutafuta njia za kuwafidia waliopoteza ardhi Chavez Ravine na vizazi vyao. Septemba 2024 gavana, Bw. Gavin Newsom, akakataa kuutia saini.

Na mwezi wa Juni 2025, maofisa wa uhamiaji walipokuwa wakiwakamata watu mitaani Los Angeles, mashabiki wakaanza kuiuliza klabu: sisi tumewajazia uwanja miaka yote hii, nanyi mko kimya? Katika siku hizo mwimbaji mmoja aliyealikwa kuimba wimbo wa taifa la Marekani kabla ya mchezo aliuimba kwa Kihispania, ingawa alikwisha kuambiwa aimbe kwa Kiingereza. Siku chache baadaye klabu ikatangaza dola milioni 1 kwa ajili ya familia za wahamiaji. Wako waliosema ni jambo jema. Wako waliosema fedha hizo ni bei ya wachezaji wa akiba, na kwamba wao walitaka kusikia neno. Nilimsomea mzee wangu habari hiyo barazani. Akauliza kama Fernando angekuwa hai angesema nini. Nikamwambia kwamba Fernando hakuwa msemaji, na mzee akacheka, akaagiza kahawa.